Masika ya CD Iliyokataa Kupachikwa

Masama, Jumatatu, 3 Machi 2003

Mvua haijaja. Majani ya migomba yamejikunja pembeni, na mfongo, mfereji unaopita nyuma ya nyumba, una maji ya kulowesha nyayo tu.

Yuditha, katibu wa usharika, alipanda mpaka hapa na bahasha iliyofungwa kwa nailoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umepanda kilima chote hiki kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya kompyuta yako, babu. Wewe ni nyongeza."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Ndani ya bahasha mlikuwa na CD moja. Mwaka 1971 mtafiti wa Kijerumani alipita vijijini kwetu na kinasa sauti, akirekodi wazee. Kanda zake zililala huko kwao miaka yote hii. Sasa zimehamishiwa kwenye CD na nakala moja imeletwa usharikani. Juu ya jalada mtu ameandika kwa peni majina ya waliorekodiwa. La nne ni la mama yangu.

Usharika hauna kompyuta, mimi ninayo. Nimepewa mpaka mwisho wa Juni. Baada ya hapo CD itapelekwa mjini Moshi kutunzwa, na Yuditha anasema ikishafika huko haitoki tena.

Niliondoka hapa mwaka 1964 kwenda Kitwe, Zambia, kwa mkataba wa miaka miwili katika ofisi ya hesabu ya mgodi. Nimerudi mwaka jana. Mama alifariki mwaka 1979, na telegramu ilinifikia amekwisha zikwa. Uso wake ninao. Sauti yake sina. Nikimkumbuka akisema, midomo inacheza na hakuna kinachotoka.

Jumatano, 5 Machi

Jaribio la kwanza. Kompyuta yangu inatumia Linux, mfumo niliouzoea kazini. Mfumo huu hauoni CD kwa sababu tu umeiingiza. Lazima kwanza uipachike, yaani uipe mahali pake ndani ya mti wa mafaili, kama mgeni anavyoonyeshwa kiti. Hapo ndipo mafaili yake yanaonekana.

Niliandika amri ya kupachika. CD ilizunguka, ikavuma, ikatulia. Mashine ikajibu kwa Kiingereza chake kikavu kwamba aina ya mfumo wa mafaili si sahihi, au kifaa kina kasoro, au kuna jambo jingine. Ni jibu la karani asiyetaka kunyanyuka kitini: anataja sababu tatu ili usimuulize ya nne.

Nilijaribu tena. Jibu lile lile.

Alhamisi, 6 Machi

Jibu lile lile.

Ijumaa, 14 Machi

Elinipendo, mdogo wangu, alileta mtori jioni. Ni mjane, nyumba yake iko ng'ambo ya mfongo, na tangu nirudi ananiletea chakula kila siku kama mtu anayelipa kodi: anaweka bakuli, anauliza afya, anaondoka. Tumebaki sisi wawili tu.

Nilimwambia habari ya CD. Nilidhani atakaa. Alinyoosha kitambaa alichokifuma kufunika kompyuta, kitambaa cheupe chenye maua ya pembeni, sawa na kile cha redio yake na kile cha makochi yake. Alikileta wiki niliyofika. Kinashuka mbele mpaka karibu na meza, na trei ya CD ikifunguka hutokea chini yake kama ulimi.

"Mashine imepigwa na vumbi," alisema.

"Elinipendo, mama yumo humu."

"Mama yuko pale," alisema, akionyesha kwa kidevu upande wa makaburi, kwenye mimea ya masale. "Kula mtori kabla haujapoa."

Jumapili, 23 Machi

Kanisani. Mawingu yalikaa juu ya mlima mpaka mchana, yakaondoka bila kutuachia kitu.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua! Imeanza alfajiri, kwanza kwenye migomba, kisha kwenye bati. Kitwe mvua ilikuja na radi na kelele za watoto. Hapa inakuja kama mtu anayejua njia.

Leo nimefuata kanuni. Je, mfumo unakitambua kisomeo cha CD? Ndiyo, unakitaja kwa jina wakati wa kuwaka. Je, nina ruhusa ya kukitumia? Ninayo. Je, jina la kifaa katika faili la mipangilio ni lile ambalo mfumo umekipa? Hapo nilipata kosa: herufi moja ilitofautiana. Nilisahihisha na kuandika amri.

Jibu lile lile. Kosa lilikuwa la kweli, ila halikuwa langu la leo.

Jumatano, 9 Aprili

Umeme hakuna.

Alhamisi, 10 Aprili

Umeme hakuna. Nimesoma nilichokwisha soma.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Baada ya ibada nilipita kwa Eliudi, binamu yangu, tuliyechunga naye mbuzi. Anapika mbege, pombe yetu ya ndizi, bora kuliko wote mtaani na anajua hivyo. Vijana wa barazani kwake hawaelewi Kichagga changu. Wanasema ninaongea kama wazee waliokufa, halafu katikati naingiza neno la Kibemba. Wananiita Mzambia. Kule Kitwe waliniita Mtanganyika mpaka siku naondoka.

"Mzambia!" Eliudi aliita, kata ya mbege mkononi. "Nasikia mama yako amekataa kutoka kwenye sanduku."

"Anajitayarisha."

"Miaka kumi na mitano alikungoja hapa, hukutoka wewe. Sasa na wewe mngoje kidogo."

Wote walicheka, na mimi nilicheka nao, kwa sababu huwezi kuacha kucheka kwenye mbege ya mtu. Nilirudi peke yangu kwenye matope nikipiga hesabu ya jibu ambalo ningempa.

Yuditha alinikuta njiani na mwavuli. "Babu, si uipeleke mjini? Mafundi wa redio wamejaa pale."

Nilimwambia ukweli. Sitaki kumsikia mama kwa mara ya kwanza dukani, katikati ya watu wanaonunua betri. Tena hii si CD ya muziki wa sokoni, ni kazi ya chuo. Kazi kama hiyo husomwa kwa kompyuta.

"Sawa, babu," alisema, kwa sauti ile wanayoitumia kwa wagonjwa.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua siku nzima. Korongo linanguruma chini kwa Eliudi na daraja la magogo limezama.

Nilifungua sanduku la kompyuta. Nilitoa kisomeo, nikafuta jicho lake kwa pamba na spiriti, nikakaza nyaya, nikarudisha. Kule ofisini tulifundishwa hivi: usibonyeze kitu chochote usoni mwa mashine, amri zote zipitie kwenye kibodi. Mkuu wetu alikuwa akisema vitufe vya mbele ni vya watu wa kufuta sakafu. Miaka ishirini sikugusa hata kimoja, na trei naifungua kwa amri mpaka leo.

Jibu lile lile.

Jumatano, 7 Mei

Jioni mvua ilipumzika. Mwanamke ng'ambo ya korongo aliwaita watoto wake, jina moja moja, silabi ya mwisho akiivuta mpaka ipande upande wetu. Nilisimama uani nikisikiliza mpaka akamaliza.

Mama aliita hivyo hivyo. Ila alikuwa na sharti lake, na sijui kama ni la ukoo au lake mwenyewe: magharibi ikishaingia, mwito wa kwanza hauitikiwi. Wa kwanza, alisema, unaweza kuwa wa yeyote. Anayekuhitaji kweli ataita tena. Kwa hiyo tulikuwa tukisimama kimya kwenye migomba, mimi na Elinipendo, tumesikia vizuri kabisa, tukingoja wa pili. Sharti nalikumbuka neno kwa neno. Sauti iliyolisema sina.

Jumatatu, 12 Mei

Barua kutoka kwa mwanangu, Kitwe. Kaburi la mama yao, mke wangu, limejengewa. Anauliza kama nimezoea. Nimemjibu kwamba ndizi ni nyingi.

Ijumaa, 16 Mei

Nitaandika yote, hata yale nisiyoyapenda.

Umeme ulirudi mchana baada ya siku tatu. Nilikuwa na wazo moja tu lililobaki: kujaribu CD nyingine. Nilitafuta ile niliyotumia kuweka Linux, nikaiingiza, nikaandika amri. Ilipachikwa mara moja. Mafaili yake yote yakajipanga mbele yangu kama wanafunzi.

Nilikaa nikiyatazama. Kisomeo ni kizima. Mfumo ni mzima. Mipangilio ni sahihi. Kwa hiyo ugonjwa uko kwenye CD ya mama. Imeharibika njiani, au imeharibikia hapa, kwenye unyevu huu, juu ya meza yangu.

Niliirudisha ili nijaribu mara ya mwisho. Trei ilipokuwa inajifunga ilivuta uzi wa pindo la kitambaa, ikaumeza, ikakwama nusu wazi na CD ndani yake. Niliposukuma ilinguruma. Wakati huo huo Elinipendo aliingia na bakuli la kiburu, miguu imejaa matope.

"Kaka, shikamoo. Leo nimechelewa, utelezi..."

Sikuitikia shikamoo yake. Nilishika kitambaa nikakivuta, na kikachanika kuanzia pindoni mpaka katikati, maua matatu kwa mpigo. Nikamwambia kwamba haya ndiyo mambo ya huku: kila chombo kikiingia nyumbani lazima kivishwe gauni. Nikamwambia vumbi na nyuzi za kitambaa chake vimemuua mama mara ya pili. Nikamwambia kwamba hajali, hajauliza hata siku moja, na kama angejali angeketi.

Alisikiliza yote akiwa ameshika bakuli kwa mikono miwili. Kisha akaliweka mezani, mbali na mashine, taratibu.

"Umemaliza?"

Niligeuka kuitazama trei.

"Miezi kumi naja hapa," alisema. "Uliniambia kaa, lini?"

Akatoka. Nilimwona akivuka mfongo bila kuinua sketi.

Nilitoa uzi kwa kibano, nikaitoa CD. Haina mkwaruzo. Nikazima kila kitu na kufunga mlango wa chumba kile.

Kiburu sikukila. Nilijaribu kukumbuka kama nimewahi kumwambia akae. Niliwahi kumwambia asante.

Jumamosi, 17 Mei

Hakuja.

Jumapili, 18 Mei

Kanisani alikaa upande wa kina mama, mbele kabisa. Akatoka kwa mlango mwingine.

Ijumaa, 23 Mei

Mvua. Napika mwenyewe. Nimejua leo kwamba ndizi mshare hunata mikononi ukizimenya bila mafuta. Wakati naondoka nilijua hilo.

Jumanne, 3 Juni

Mvua imekuwa manyunyu ya baridi. Ukungu unaingia mpaka mlangoni na kukaa. Eliudi alipita na chupa ya mbege chini ya koti.

"Unakonda, Mzambia."

"Nakula."

"Unakula, lakini hupikiwi." Alijimiminia mwenyewe. "Sikiliza. Siku ile ya barazani nilikuchoma kidogo, sikukusudia kukutoboa. Lakini unadhani ni wewe tu uliyekuwa mbali? Huyu dada yako alimuuguza mama yenu peke yake. Watu waliposema mtoto wa mama ni yule wa Zambia, yeye alikuwa akisikia kutoka jikoni."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema.

"Hukuuliza," alisema. "Ulikuwa unaongea na mashine."

Alhamisi, 12 Juni

Nimekifua kile kitambaa. Nimekianika ndani, karibu na jiko, kwa sababu nje hakukauki kitu.

Nilijifunza kushona kwenye mabweni ya mgodi, vifungo na mifuko. Kufuma sijui. Lakini maua yale ni mafundo tu yanayojirudia, na niliyaangalia yale mazima mpaka nikaelewa yanakoanzia. La kwanza nimelifumua mara nyingi. Sasa linasimama, limepinda kidogo.

Ijumaa, 20 Juni

Ua la pili. Yuditha ametuma ujumbe: Jumatatu tarehe thelathini atakuja kuchukua CD. Nimemjibu kwamba haifanyi kazi, nasikitika.

Jumanne, 24 Juni

Ua la tatu limekamilika mchana. Nilitaka kujua kama kitambaa bado kinaenea kabla sijakirudisha kwa mwenyewe, kwa hiyo nilifungua chumba na kukitandika juu ya kompyuta. Kilienea juu, lakini mbele sasa kilikuwa kifupi. Nilikuwa nimebana mafundo kuliko yeye. Kilipaswa kufika chini ya trei. Kikaishia juu yake.

Nilipiga magoti kukivuta, na kwa mara ya kwanza tangu mashine hii iwe yangu niliutazama kwa makini uso wa kisomeo cha CD, kwa miwani, mwanga wa dirishani ukipiga moja kwa moja. Kule ofisini, kabla hawajaniachia niondoke nayo, mashine ilikuwa imefichwa chini ya meza. Hapa ilikuwa chini ya kitambaa. Upande wa kushoto pana tundu dogo lenye mchoro wa visikizio. Kando yake gurudumu dogo la sauti. Upande wa kulia, karibu na kitufe cha kufungulia, kitufe kingine chenye pembetatu.

Nilibaki magotini muda mrefu kuliko magoti yangu yanavyopenda.

Sijaandika popote katika kurasa hizi swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: mafaili gani? Nilidhani CD zote zina mafaili kwa sababu zote nilizoshika maishani zilikuwa nayo. CD ya sauti haina. Haina kitu cha kupachikwa. Mashine ilinijibu kweli tangu siku ya kwanza, ikaitaja sababu hiyo kwanza kabisa, nami nikaiona ni karani mvivu. CD ile haikuhitaji kupewa kiti. Ilihitaji kubonyezwa.

Visikizio vya redio yangu ya mfukoni vilikuwa kwenye droo. Nilivichomeka. Niliweka CD. Kidole kilikuwa tayari juu ya pembetatu, na hapo nikakiondoa.

Nikaenda kwenye masale ya makaburini, nikachuma jani moja, nikalifunga fundo.

Jumatano, 25 Juni

Elinipendo hayupo tangu jana, ameshuka Boma Ng'ombe kuuza maharage. Jani nililiweka majini lisinyauke.

Alhamisi, 26 Juni

Asubuhi ukungu ulifunguka na mlima ukaonekana wote, mweupe mpaka chini kuliko ninavyoukumbuka wiki hizi. Nilivuka mfongo nikiwa na jani la isale mkono mmoja na kitambaa mkono mwingine. Elinipendo alikuwa uani akikata majani ya ng'ombe. Kwetu anayekuja kuomba msamaha na isale lililofungwa hakataliwi, naye analijua hilo, kwa hiyo alichelewa makusudi kugeuka.

"Jani la nini? Mimi mgeni?"

"Mgeni ni mimi," nilisema. "Nisamehe, mdogo wangu."

Alilichukua. Kisha akachukua kitambaa, akakigeuza, akakivuta kwenye mwanga.

"Nani amefuma hili?"

"Mimi."

"Ni ua au ni buibui?"

"Ni buibui watatu."

Alicheka, mkono mdomoni, cheko ambalo nilikuwa nimelisahau pia bila kujua nimelisahau. Nikamweleza kuhusu kitufe. Nikamwambia sijasikiliza. Alifuta mundu kwenye nyasi pande zote mbili.

"Unajua kwa nini sikuuliza?" alisema. "Sauti unayoitafuta mimi niliisikia kila jioni. Aliendelea kukuita, kaka. Umeondoka, umeoa, umezaa, yeye anasimama pale ukingoni anaita Ebenezeri. Mimi nimesimama nyuma yake na kuni kichwani. Mimi haniiti, nipo. Mzungu alipokuja akamwambia tuonyeshe mnavyoita watoto, unadhani alimwita nani?"



"Kaa na mimi tusikilize," nilimwambia. "Ukikataa nitaelewa."

"Ngoja nimpe ng'ombe majani."

Tulikaa mbele ya mashine kwenye benchi moja. Kisikizio kimoja sikioni mwangu, kimoja mwake, waya ni mfupi kwa hiyo vichwa vyetu viligusana. Nilibonyeza pembetatu. CD ilizunguka, ikavuma, na haikutulia.

Mzee wa kwanza alisimulia habari ya mfongo. Mwanamke aliimba wimbo wa kuvuna ulezi. Mzee mwingine alikohoa zaidi ya alivyosimulia. Kisha sauti ya mtafiti ikauliza jambo kwa Kichagga cha vitabuni, jogoo akawika, na mtu akajibu kwa kicheko kifupi cha puani. Nilimjua kabla hajaita. Ilikuwa nyembamba kuliko nilivyodhani. Miaka yote nilikuwa nikitafuta sauti nene.

"Ebenezeriii!"

Silabi ya mwisho ilipanda, ikavuka korongo la mwaka ule, ikabaki huko. Mdomo wangu ulifunguka. Elinipendo akanibana mkono.

"Wa kwanza," alinong'ona.

Tukangoja, kama zamani kwenye migomba. Hakuita tena. Badala yake ikaja sauti ya msichana, karibu sana na kinasa, ya mtu aliyechoka na kuni.

"Hayupo, mama."

Kisha kimya, kisha mzee wa tano na hadithi yake ya fisi.

Elinipendo alikuwa anatazama ukuta. Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta. "Ni mimi yule," alisema.

"Nimekujua."

Kwenye kisomeo kile hakuna kitufe cha kurudi nyuma. Pembetatu ukiibonyeza inakwenda wimbo unaofuata. Kwa hiyo nilifungua trei na kuifunga, kwa kidole changu, usoni mwa mashine, tukaanza upya: mfongo, ulezi, kikohozi. Tulisikiliza yote. Jogoo akawika. Mama akacheka puani.

"Ebenezeriii!"

Huo ulikuwa wa pili. Niliitika kwa Kichagga, kwa sauti kubwa kuliko chumba, jinsi unavyoitikia ukiwa mbali na unataka ajue kwamba umesikia na unakuja. Ng'ambo ya korongo mbwa wa Eliudi wakabweka.

"Hayupo, mama," alisema msichana sikioni mwetu.

"Yupo," alisema Elinipendo.